Namba Ishirini na Tatu ya Kiprono

Katika Stockholm nzima, kuanzia Hässelby mpaka Fisksätra, hakuna anayejua watu wetu wa Kenya kunishinda mimi Njuguna. Nimeendesha teksi miaka thelathini na moja. Nimebeba mabalozi, wachungaji, maharusi, na mara moja mbuzi aliyekwisha kuchinjwa, amefungwa mkanda kiti cha nyuma kama abiria wa kawaida. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba mtu wa ajabu kuliko wote hao ni Kiprono wa Hässelby, msibishane nami. Shule niliishia darasa la saba, lakini la saba la zamani, ambalo siku hizi wangeliita chuo kikuu.

Ukimwona Kiprono njiani hutageuka kumtazama mara ya pili. Ni mzee wa miaka sabini na mmoja, mrefu, koti la kijivu, dereva wa basi mstaafu. Ni Mkalenjin, na kila Mswidi akisikia hivyo humwuliza kama alikuwa mwanariadha. Kiprono hajakimbia tangu azaliwe. Nimemwona kwa macho yangu akikosa treni ambayo mlango wake ulikuwa bado wazi. Alisimama hatua kumi kutoka mlangoni, akautazama ukifungwa, kwa heshima.

"Itakuja nyingine," akasema.

Ilikuja baada ya dakika kumi na tano. Baridi ilikuwa nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vya harusi.

Ajabu yake ni muziki. Sisi wengine tulipohamia huku tulikuja na kanda za benga, za rumba na za kwaya. Kiprono alikuja na mwimbaji mmoja tu, tena kichwani: kijana wa kizungu wa Arkansas, Marekani, aliyeitwa Orvil Pickard. Alikuwa mwimbaji wa rokabili, rokenroli ya mwanzo mwanzo: gitaa moja, besi kubwa ya kusimama inayopigwa makofi, na kijana anayeimba kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Kati ya mwaka 1956 na 1959 Pickard alirekodi nyimbo ishirini na mbili katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la majeneza. Kisha akaacha muziki akaenda kuuza matairi. Matairi, wanasema, aliuza vizuri.

Nyimbo hazikununuliwa. Lakini santuri moja ilisafiri, Mungu anajua kwa njia gani, ikafika kwenye shamba la chai karibu na Kericho, nyumbani kwa baba yake Kiprono, Mzee Tonui, fundi wa mashine za kiwanda. Mzee alikuwa amepata gramafoni ya kuzungusha kwa mkono kutoka kwa karani wa kizungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao wakati wa uhuru. Alipewa na santuri tatu. Moja ilikuwa ya mahubiri. Ya pili ilikaliwa na shangazi. Ya tatu ndiyo Pickard, wimbo wa mwanamume ambaye mkewe ameondoka na ufunguo, naye amesimama nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Kwa nini hapiti dirishani?" Mzee Tonui alikuwa akiuliza kila jioni. Hata hivyo kila jioni aliucheza. Wimbo ukikaribia mwisho aliuitikia kwa sauti ya chini kabisa, midomo imefungwa, mkono juu ya goti. Kiprono ananiambia hajawahi kumsikia baba yake akiimba kitu kingine chochote, hata kanisani.

Mwaka 1983 mzee alifariki. Kiprono alikuwa hapa, maombi yake ya kibali cha kuishi bado yako mezani kwa serikali, na akitoka asingeweza kuingia tena. Mzee akazikwa bila yeye. Hilo alinieleza mara moja tu, akiwa ndani ya gari langu, na nilizima mita.

Basi mwaka 1991 akagundua kwamba hapa hapa Stockholm kuna chama kizima cha wapenzi wa Orvil Pickard. Msicheke. Wape Waswidi watatu kitu kimoja wanachokipenda, wataunda chama, watachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na hakuna atakayebaki kuwa mwanachama wa kawaida. Hiki chama hukutana Farsta, katika chumba cha chini ya jengo la ghorofa, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nane mchana. Wanaume wenye nywele bado huzichana nyuma kwa mafuta. Wasio na nywele huvaa jaketi za ngozi. Nje wameegesha magari ya Kimarekani marefu kama gari la maiti. Mwenyekiti ni Elsa, mama wa miaka themanini na moja, aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Ana kirungu kidogo cha mbao cha kugongea meza, na anakigonga.

Siku ya kwanza Kiprono alipoingia walikuwa wanasikiliza namba tisa, yaani ule wimbo wa ufunguo. Kiprono akasikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono kama walivyofanya wengine, akasema: "Hii siyo."

Akawaeleza kwamba ipo rekodi nyingine ya wimbo huo huo. Kwamba ndani yake Pickard haimbi kama kijana. Anaimba kama mtu mzima mwenye sauti nzito, polepole, na kadiri anavyoendelea anazidi kwenda polepole, na sauti inazidi kuzama, hata mstari wa mwisho ni kama ameshazeeka pale pale mlangoni. Kwamba rekodi hiyo iko Kericho.

Elsa akasema, "Intressant."

Ambaye hajaishi na Waswidi atadhani amesifiwa. Neno hilo maana yake kwa kamusi ni kwamba jambo linavutia. Maana yake chumbani ni: tumekusikia, sasa tunywe kahawa. Lakini waliandika. Chama kina kitabu cha orodha ya rekodi zote za Pickard, kila moja na tarehe yake, na chini ya namba ishirini na mbili wakachapa mstari huu: *Yapo madai, kutoka Kenya, ya rekodi ya pili ya namba tisa, ya polepole. Haijathibitishwa.*

Mstari huo ulidumu matoleo sita. Ndugu zangu, Kiprono amewaonyesha watu mstari huo harusini. Amemwonyesha daktari wa meno akiwa bado amefungua mdomo. Nyumbani aliuita namba ishirini na tatu, kana kwamba ulishakubaliwa. Mimi nilimtania sana. "Nyie Wakalenjin," nilimwambia, "mkishindwa kukimbia mnabuni santuri."

Hakuwahi kucheka. "Njuguna," alinijibu siku moja, "kama rekodi hiyo haipo, baba yangu alikuwa anaitikia nini?"

Nikaanza kuzungumzia bei ya petroli.

Majira ya kuchipua ya mwaka huu Elsa akatangaza kwamba macho yake yamechoka kuhariri, na toleo la saba la kitabu ndilo la mwisho. Baada ya hapo kitafungwa. Kila kitu ambacho hakijathibitishwa kithibitishwe mpaka Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, au kifutwe. Kiprono alimpigia simu mdogo wake Kericho usiku huo huo. Mdogo mtu akapekua siku nne, akaipata santuri ndani ya sanduku la mama yao, chini ya vyeti vya ubatizo, nzima, bila ufa. Gramafoni yenyewe ilishageuka kiota cha kuku zamani.

Santuri ikaja na Nyambura, binti wa kanisani kwetu aliyekuwa amekwenda likizo. Mimi ndiye niliyempeleka Kiprono uwanja wa ndege wa Arlanda kumpokea. Bila mimi habari hii isingekuwepo. Nyambura alitoka akiwa amekumbatia masinia mawili ya aluminiamu yaliyofungwa pamoja kwa kamba ya katani, uso kwa uso.

"Anko, usiguse!" akanipigia kelele kabla hata ya salamu. "Nimeishika hivi tangu Nairobi. Sijaenda hata chooni."

"Saa ngapi hizo?"

"Usiniulize. Shikeni, niende."

Kiprono aliyapokea masinia kwa mikono miwili. Njia nzima mpaka Hässelby alinizuia kupita kilomita sitini kwa saa. Lori la taka lilitupita. Mwanamke mwenye baiskeli, nasema ukweli, alitukaribia.

Nyumbani hakuna mashine ya kucheza santuri za zamani zile, na hata ingekuwepo asingeicheza. Alitaka isikike kwanza mbele ya chama, mashahidi wakiwa wamekaa. Roselyn, mkewe, alimwambia tu, "Baba Owen, hiyo usiiweke juu ya friji." Wakaiweka chini ya kitanda.

Jumamosi ikafika. Roselyn naye akaja Farsta, mara ya kwanza katika miaka thelathini na tatu. Alisema anataka kuwaona hao watu waliomchukulia mumewe Jumamosi mia nne. Alivaa vizuri, akabeba chai ya Kericho kwenye chupa, akaketi mstari wa nyuma pamoja nami.

Shauri la Kiprono lilikuwa namba saba kwenye ajenda. Namba sita ilikuwa kuhusu nani aliyeacha jibini nje ya friji mwezi wa tano, nayo ilichukua dakika arobaini na haikupata mshindi. Hatimaye Elsa akagonga kirungu.

"Namba saba. Santuri ya Kiprono."

Kiprono akafungua kamba, akafungua masinia. Santuri ilikuwa nyeusi, nzito, karatasi ya katikati imechubuka mpaka herufi chache. Aliyeipokea ni Nora, dada wa miaka kama thelathini hivi, fundi wa sauti, ndiye mdogo kuliko wote chamani kwa miaka thelathini mingine. Mashine yake hucheza santuri za kila umri. Akaipangusa kwa brashi, akaweka mizunguko sabini na minane kwa dakika, akashusha sindano.

Kiprono alibaki amesimama. Alikuwa amevaa tai.

Kwanza mkwaruzo, kama mahindi kwenye kikaango. Kisha gitaa. Kisha kijana wa kizungu, mwembamba wa sauti, amekanyaga kaa lake la moto, anaulizia ufunguo. Haraka. Kabla ya ubeti wa pili akakohoa.

Chumba kizima kilikijua kikohozi kile. Watu wale wanajua kila kikohozi cha Pickard, kwa tarehe. Kilikuwa kikohozi cha namba tisa. Haikuwa rekodi ya pili. Ilikuwa ile ile ya siku zote, yenye gitaa lile lile linalokosea mahali pale pale, na mwishoni kijana akamaliza akiwa kijana.

Sindano ikafika katikati. Nora akaiinua. Hakuna aliyetazama mahali alipokuwa Kiprono. Mzee mmoja wa jaketi la ngozi alisoma ajenda yake upande wa nyuma, ambao haukuwa na maandishi.

"Intressant," akasema Elsa, taratibu sana.

"Rudia," akasema Kiprono.

Ikarudiwa. Kikohozi hakikuondoka.

Hapo ndipo Roselyn alipozungumza, kutoka mstari wa nyuma, kwa Kiswahili badala ya Kikalenjin, kwa sababu mimi nilikuwepo na ana adabu.

"Baba Owen, si ni ile gramafoni ya mzee iliyokuwa mbovu?"

Kiprono akageuka. "Mbovu vipi?"

"Ilikuwa imechoka springi. Shamba zima lilijua. Si waliiazima harusi ya dada yangu? Tulicheza polepole mpaka bibi harusi akakaa chini. Na kila wimbo ukifika mwisho inazama, inazama, oooo, watu walisema ng'ombe ameanguka kisimani. Baba yako alikataa kuitengeneza."

"Baba alikuwa fundi wa mashine!"

"Ndiyo. Alisema haina ubaya."

"Mama Owen. Miaka arobaini na miwili ya ndoa. Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unawauliza Waswidi."

Nakiri kwamba mimi pia nilikuwa nimeshalishuku jambo la springi, tangu mwaka 1995 hivi, ila sikutaka kuingilia.

Kiprono aliikaza tai yake. Kisha akanyoosha mkono, Elsa akampa nafasi, akazungumza kwa Kiswidi chake cha basi, kilichonyooka, chenye vituo. Alisema amekosea. Alisema hakudanganya, bali alisikia kwa gramafoni iliyougua, na aliyekuwa akiimba polepole hakuwa Pickard, alikuwa springi. Akaomba mstari wake ufutwe katika toleo la saba, na kumbukumbu za mkutano ziandike kwamba ameomba mwenyewe.

Elsa akauliza kama kuna anayeunga mkono ufutwe. Mikono ikanyooshwa mmoja mmoja, kwa shida, kama mikono ya watu wanaopimwa damu. Wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Kiprono. Kirungu kikagonga. Namba ishirini na tatu ikafa saa kumi kasoro dakika kumi, kwa kauli moja.

Akaanza kuyaunganisha masinia yake.

"Ngoja," akasema Nora. "Polepole kiasi gani?"

"Nini?"

"Gramafoni ya baba yako. Mashine hii ina kishikio cha mwendo. Naweza kuishusha. Niambie tu wapi."

Kiprono akamtazama Elsa. Elsa akasema kwamba ajenda imekwisha na kikao kimefungwa, kwa hiyo watu wanaweza kufanya wapendavyo. Akavua miwani.

Ikawa hivi. Nora mkono mmoja kwenye kishikio, macho kwa Kiprono. Kiprono mbele yake, kiganja wazi, anaongoza kama mtu anayeelekeza lori kurudi nyuma. Sabini. Chini. Sitini na nane. Chini kidogo. Sitini na sita. Kiganja kikasimama. Na kutoka kwenye vipaza sauti akatoka mtu mwingine kabisa, mtu mzima, mzito, aliyechoka, anayemwuliza mkewe ufunguo bila kutarajia kujibiwa. Kadiri wimbo ulivyokwenda, kiganja cha Kiprono kilishuka tena, taratibu, na Nora akakifuata. Sitini. Hamsini na nane. Kile kikohozi kikawa sasa ni mzee anasafisha koo.

Kwenye mistari ya mwisho Kiprono akafumba midomo akaitikia. Nilimfahamu miaka mingi bila kujua kwamba ana sauti hiyo. Ilitoka chini kuliko ya santuri, ikaingia kwenye kila nafasi ambayo mwimbaji aliiacha, haikukosa hata moja. Roselyn alikuwa ameshika kifuniko cha chupa ya chai, hamimini.

Ilipoisha, mzee wa jaketi la ngozi akamwomba Kiprono arudie, safari hii maikrofoni ikiwa wazi. Nora akairekodi. Dakika nne na sekunde kumi na moja. Kitabuni haimo, na haitakuwemo. Kanuni za chama zinasema ni zile tu alizoimba Pickard mwenyewe, na Kiprono ndiye aliyezisoma kwa sauti, katibu alipozisahau. Toleo la saba limetoka mwezi uliopita. Kurasa zinaishia namba ishirini na mbili.

Rekodi ya Nora, Kiprono aliituma Kericho jioni ile ile, kwa simu, tukiwa ndani ya gari. Tulisubiri. Mdogo wake akajibu kabla hatujafika Hässelby, kwa sauti, na Kiprono akaiweka wazi sote tusikie.

"Kaka, nimeisikia, nimeisikia," alisema. "Lakini mbona mmeikimbiza hivyo? Mzee alikuwa na haraka lini?"

Kiprono akaniambia nisimamishe gari. Nikasimama kituo cha basi, jambo lililokatazwa.

"Haraka?" akamjibu. "Inaanzia sitini na sita hiyo! Wewe ulikuwa mtoto mgongoni, unajua nini?"

"Mtoto mgongoni ndiye anayesikia vizuri. Punguza. Punguza tena. Mahali pa ng'ombe kisimani umepita kama basi."

Tangu siku hiyo ni mwezi wa tatu wanabishana, Hässelby na Kericho, kila Jumapili baada ya ibada, na Nora amesharekodi mara nne. Kiprono ameshuka mpaka kuanzia sitini na nne. Mdogo wake hataki kusikia mwanzo wowote unaozidi sitini. Mimi nimewaambia wote wawili kwamba ni sitini na mbili. Hawanisikilizi.